Umeajiriwa kupitia wakala? Fuata hatua hizi uwe salama na usipoteze haki yako

Maswali ni yale yale kila siku. Nimeumia kazini, wakala anasema niongee na kampuni, kampuni wanasema niongee na wakala, nifanyeje? Nimeambiwa buti ninunue mwenyewe, ni halali hiyo? Nimewekwa kwenye mashine ambayo sijawahi hata kuigusa, nikikataa si watanirudisha nyumbani? Nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye ndo anaanza au ambaye ameshaanza ila hajui aanzie wapi kujilinda.

Kitu kimoja uelewe kwanza. Ukiingia kazini kupitia wakala unakuwa na mabosi wawili. Wakala ndo kakuandikisha na mara nyingi ndo anakulipa, alafu kuna kampuni unayoenda kupiga kazi, iwe ghala, kiwanda, saiti ya ujenzi, hospitali au shamba, hao ndo wanakwambia simama hapa, beba hiki, washa ile. Siku za amani wote wawili wanakutuma, siku ya ajali kila mmoja anamsukumia mwenzake. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha swali la nani anawajibika kwa nini limejibiwa kwa maandishi wakati bado una vidole kumi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Nakala ya mkataba uliosaini, kurasa zote, hata kama ni picha za simu. Ukiambiwa mkataba "utakuja baadaye", omba angalau meseji inayotaja kazi, malipo na tarehe ya kuanza.
- Jina kamili la wakala na jina kamili la kampuni unayopelekwa, kama yalivyoandikishwa, pamoja na anwani. Wengi wanajua tu "ile ofisi ya juu karibu na stendi", alafu siku ya kudai hawajui hata wamdai nani.
- Namba tatu za simu: mtu wa wakala anayekupangia kazi, supavaiza wa kule kazini, na ofisi ya serikali inayoshughulika na ukaguzi wa kazi eneo lako. Hiyo ya tatu itafute leo, usisubiri siku ya shida.
- Daftari dogo na kalamu. Najua una simu, ila simu inaisha chaji, na sehemu nyingi unaiacha getini.
- Kopi ya kitambulisho, na kama uko nchi ya watu kopi ya pasipoti na kibali. Original unakaa nazo mwenyewe.
- Mtu mmoja wa karibu anayejua leo uko wapi na unatoka saa ngapi.

HATUA KWA HATUA

1. Mkague wakala kabla hujampa hata senti

Uliza kama ana leseni au usajili, alafu usiishie kuangalia cheti kilichoning'inizwa ukutani, piga simu ofisi ya kazi uulize kama jina hilo wanalo. Kuhusu hela za "kukutafutia kazi": Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Sio kila nchi imeuridhia na kuna vighairi vinavyoruhusiwa, kwa hiyo uliza sheria ya ulipo inasemaje, ila ujue msimamo wa kimataifa ndo huo, anayelipia huduma ya wakala ni kampuni inayotaka watu.

Angalizo: wakala akitaka abaki na pasipoti au kitambulisho chako "kwa usalama", mpe kopi. Akikazania original, ondoka. Najua njaa inasukuma, lakini mtu aliyeshika hati zako ameshika na miguu yako.

2. Soma mkataba ukitafuta majibu, usisome kama gazeti

Nani ananilipa na siku gani? Nalipwa kwa saa, kwa siku au kwa kipande? Overtaimu inahesabiwaje? Makato ni yapi? Nikiumia bima ni ya nani? Mkataba unaisha lini na unavunjwaje? Swali ambalo halina jibu kwenye karatasi liandike pembeni, utalitumia hatua inayofuata. Na usisaini karatasi yenye nafasi tupu, eti watajaza wenyewe. Chora mstari kwenye nafasi hiyo ndo usaini.

Kuhusu malipo sawa na wale wa kudumu, inategemea nchi. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2008 linalotaka mfanyakazi wa wakala apewe masharti ya msingi kama vile angeajiriwa moja kwa moja kwa kazi ileile, japo lina vighairi vyake. Uingereza usawa huo wa malipo unaanza baada ya wiki 12 kwenye kazi ileile. Kwako inaweza kuwa tofauti, ndo maana nasema uliza.

3. Tuma meseji moja kabla ya siku ya kwanza

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na mimi naiona ndo yenye thamani kuliko zote. Mwandikie wakala, kwa WhatsApp au barua pepe, kitu kama hiki:

"Habari za kazi. Nathibitisha nitaripoti tarehe fulani kwenye kampuni fulani, kazi yangu ni kufunga katoni. Naomba kujua: (1) nani atanipa mafunzo ya usalama, (2) vifaa vya kinga napewa na nani, (3) nikiumia naripoti kwa nani na bima ni ya nani, (4) kuna mashine au kemikali yoyote nitakayotumia? Asante."

Meseji ya heshima kabisa, haina ugomvi wowote. Akijibu umepata ushahidi. Akikaa kimya bado una ushahidi kwamba uliuliza, na kazi yako imeandikwa mle kwamba ni kufunga katoni, sio kupanda juu ya paa. Huo Mkataba namba 181 unataka nchi iliyouridhia ipange wazi majukumu ya wakala na ya kampuni inayotumia watu, ikiwemo usalama kazini na fidia ya ajali, kwa hiyo hapo huombi upendeleo, unauliza jambo ambalo lilitakiwa liwe na jibu siku nyingi. Marekani msimamo wa serikali ni kwamba wakala na kampuni wote wawili ni waajiri kwenye suala la usalama, hakuna anayeruhusiwa kumtupia mwenzake mzigo wote.

4. Pokea vifaa vya kinga, vijaribu, alafu andika

Mkataba namba 155 wa Shirika hilo hilo la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo buti, helmeti, glovu, miwani, koti la rifleta, vya kuziba masikio, vinatakiwa vitoke kwao. Wapatane wenyewe nani ananunua.

Vijaribu. Buti iliyokuzidi namba mbili itakuangusha kwenye ngazi. Helmeti yenye ufa sio helmeti. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa kemikali, hata ukivaa mbili. Na kwa kelele kuna kipimo cha haraka: kama inabidi upaze sauti ili mtu aliyesimama mita moja akusikie, hapo kelele imeshafika karibu desibeli 85, na ukikaa hapo shifti nzima ya saa 8 bila kinga masikio yanaharibika polepole na hayarudi.

5. Siku ya kwanza, zunguka kabla hujashika kazi

Omba dakika kumi. Mlango wa dharura uko wapi na je unafunguka au umewekewa mzigo? Kizima moto kiko wapi? Sanduku la huduma ya kwanza anashika nani? Maji ya kuoshea macho? Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kiko wapi, na mkono wako unakifikia? Fokilifti zinapita njia ipi na wewe unapita wapi?

Usione aibu. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada ulikuta mtu aliye kwenye mwezi wake wa kwanza kazini ana hatari zaidi ya mara tatu ya kupata jeraha la kumkalisha nyumbani kuliko mwenye zaidi ya mwaka mmoja pale pale. Sasa we wa wakala unahamishwa hamishwa, maana yake kila mahali unaanza upya na huo mwezi wa kwanza hauishi.

Kama kuna kemikali, tazama lebo. Alama za hatari ni zile za umbo la almasi zenye mpaka mwekundu: fuvu ni sumu kali, kimiminika kinachodondokea mkono ni kitu kinachounguza, mtu mwenye nyota kifuani ni madhara ya muda mrefu mwilini kama kansa. Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu kingine bila lebo, usiiguse, mwite supavaiza. Na usichanganye dawa ya klorini ya kufulia na tindikali au amonia ili "isafishe vizuri", inatoa gesi inayochoma mapafu.

6. Mashine: usiingize mkono mpaka umeme umefungwa

Hapa nitakaa kidogo manake nimeona kwa macho yangu.

Tulikuwa laini ya kupaki, siku yetu ya tatu. Konveya ikakwama, katoni imeingia chini ya rola. Gadi, lile bati la kufunika rola, lilikuwa limeshafunguliwa zamani, limeegemezwa ukutani na vumbi juu yake. Mwenzangu tuliyeletwa na gari moja akaingiza mkono kuivuta katoni, amevaa glovu za pamba, na mtu wa upande wa pili hakumwona akawasha. Rola ikadaka ncha ya glovu kwanza, alafu vidole. Mimi nakimbilia kitufe chekundu, kumbe kiko nyuma ya rundo la mapaleti. Vidole viwili vilivunjika. Supavaiza akaja, neno la kwanza, "huyu wa wakala, wapigieni wakala wao". Wakala akajibu kaumia kwenu, mpelekeni nyinyi. Jamaa amekaa getini juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono umefungwa kwa tisheti yangu, watu wanapigiana simu juu ya kichwa chake karibu saa nzima.

Kwa hiyo:
- Mashine isiyo na gadi haifanyiwi kazi. Ripoti kwanza.
- Ikikwama, zima, kata umeme kwenye swichi kubwa, weka kufuli, funguo ikae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Wakiwa wawili, kufuli mbili. Kumwambia tu mtu "usiwashe" haitoshi, anaweza kwenda chooni akaja mwingine. Na kama hiyo kazi ya kufunga umeme hujafundishwa, sio kazi yako, mwite fundi.
- Glovu zinafaa kwa kubeba na kwa vitu vikali, ila karibu na kitu kinachozunguka zinakuvuta. Sawa na mikono mirefu ya shati, minyororo ya shingoni, nywele zilizoachiwa na pete.

Na wale wanaotumwa kwenye matangi, mashimo ya maji taka, maghala ya nafaka: usiingie bila hewa kupimwa, kibali na mtu wa kukuangalia pale juu. Ukiona mwenzako kaanguka mle ndani usimfuate, ita waokoaji wenye vifaa. Gesi iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe, na watu wengi hufia humo kwa sababu ya huruma.

7. Kazi ikibadilika, anza upya

Umeletwa kufunga katoni, saa nne supavaiza anakuja, "njoo uendeshe fokilifti kidogo, dereva hajaja". Jibu: "Bosi, hii sijafundishwa na haipo kwenye kazi niliyopangiwa, naomba kwanza wakala ajue." Alafu utume meseji pale pale. Usijidai unajua. Watu wanaumia sana kwa kutotaka kuonekana wageni.

Hata ngazi tu ina kanuni yake: ngazi ya kuegemeza, kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani.

8. Andika kila siku, dakika mbili tu

Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, mahali ulipokuwa, nani kakusimamia, na lolote lisilo la kawaida. Karatasi ya mshahara ikija linganisha na daftari. Daftari lililoandikwa siku kwa siku lina uzito, lililoandikwa usiku mmoja kabla ya kwenda kudai linajionyesha, wino mmoja mwandiko mmoja. Picha za ratiba na meseji za kupangiwa kazi zitume kwa mtu wako wa nyumbani ili simu ikiibiwa zibaki.

9. Kukataa kazi ya hatari, kuna namna yake

Mkataba 155 unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai au afya yake. Nchi nyingi zina kifungu cha namna hiyo kwenye sheria zao. Mwaka 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa pia kwenye kanuni na haki za msingi za Shirika la Kazi Duniani, pamoja na zile za kupinga kazi za shuruti na utumikishwaji wa watoto.

Namna yenyewe: toka kwenye hatari, mwambie supavaiza hasa kitu gani ni hatari, sema uko tayari kufanya kazi nyingine, baki eneo la kazi, mjulishe wakala kwa maandishi. Ukiondoka kimya kimya kwenda nyumbani watasema umetoroka kazi, hapo umeshawapa sababu.

10. Ukiumia

Matibabu kwanza. Kemikali ikiingia jichoni osha kwa maji yanayotiririka angalau dakika 15, alafu hospitali, hata kama unaona maumivu yamepoa. Kwa daktari sema wazi kwamba umeumia kazini, na ukifanya nini, ili iandikwe kwenye cheti. Wengi wanasema "nimeanguka tu", na hiyo ndo inasomwa miezi mitatu baadaye.

Ripoti kwa wote wawili, kampuni na wakala, siku ile ile, kwa maandishi. Omba ajali iandikwe kwenye daftari la ajali na upige picha ukurasa. Andika majina ya walioona. Yule mwenzangu wa konveya, mimi niliandika kwenye kipande cha katoni tukiwa bado getini: saa, namba ya laini, nani aliwasha, gadi ilikuwa wapi. Kile kipande ndo kilitumika kujaza fomu yake, manake kesho yake asubuhi gadi ilikuwa imesharudishwa mahali pake, imefutwa vumbi.

Angalizo: usisaini karatasi ya "tumemalizana" ukiwa na maumivu, au kwa kuahidiwa hela ya nauli na dawa. Madai ya fidia yana muda wa mwisho kisheria, uliza mapema ni siku ngapi kwenu.

SHIDA ZINAZOTOKEA SANA

Kila mmoja ananitupia kwa mwenzake. Andika ujumbe mmoja unaowataja wote wawili, uwatumie pamoja, uwape tarehe ya kujibu. Wakiona majina yao yako pamoja wanaanza kujibu. Wasipojibu, peleka ujumbe huo huo ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Hawanipi mafunzo, wanasema "utajifunza kwa kuangalia". Mwandikie wakala leo kwamba hujafundishwa na utaje mashine. Mpaka ujibiwe omba kazi ya mikono unayoiweza.

Wamenikata hela ya buti kwenye mshahara. Omba maelezo ya makato kwa maandishi, linganisha na mkataba, alafu ofisi ya kazi. Kama mko kumi mmekatwa, nendeni kumi.

Sina mkataba wowote wa karatasi. Bado unaweza kuwa mfanyakazi kisheria. Meseji za kupangiwa shifti, miamala ya malipo, picha yako na kitambulisho cha geti, wenzako wa shifti, vyote vinasaidia kuonyesha ulikuwa pale.

Naogopa wakala ataacha kunipigia nikilalamika. Hofu ya kweli hiyo, siwezi kukwambia haipo. Lalamikeni kama kundi, pitieni chama cha wafanyakazi kama kipo, na sehemu nyingi ukaguzi wa kazi unapokea taarifa bila kumtaja aliyeleta, uliza kwanza ndo utoe jina. Na tunza meseji ya mwisho aliyokupangia kazi kabla hujalalamika, ili ukimya wake baada ya hapo uonekane ulianza tarehe gani.

Kibali changu cha kuishi kina shida, nikiumia niseme? Nenda hospitali, hilo halina mjadala. Kuhusu madai, ongea kwanza na chama cha wafanyakazi au shirika la msaada wa kisheria kabla ya kwenda ofisi yoyote ya serikali, wakwambie kwa nchi uliyopo taarifa zako zinafika wapi. Nenda na daftari lako.